Mlima Una Wenyewe

Kila nikiweka picha ya mlima mtandaoni, swali la kwanza huwa la mita. Una urefu gani? La pili ni kama pale juu picha zinatoka vizuri. Ni nadra mtu kuniuliza nani anaishi kwenye njia ile, ng'ombe wa nani wanapita pale asubuhi, au soko la karibu ni siku gani. Mimi siku hizi naanza na hayo, mita naziacha mwisho. Huku Bonde la Ufa na Magharibi mwa Kenya hatuna mlima wa kupimana na Kilimanjaro wa mita 5,895, wala Mlima Kenya wa mita 5,199. Tukishindania urefu tumeshindwa kabla hatujafunga kamba za viatu. Tulicho nacho ni njia zilizokanyagwa na watu wenye shughuli zao: wafugaji, warina asali, waumini wanaokwenda kufunga na kuomba, wanaoshusha vitunguu kwa punda. Ukiingia njia ya namna hiyo mandhari huyakosi, na mazungumzo pia huyakosi.

Namna yangu ya kuchagua ni hii. Nafungua ramani ya simu, ila sitafuti kilele. Natafuta josho la ng'ombe, shule ya msingi, kiwanda cha kahawa, kanisa, soko. Kisha naangalia ni kijia gani kinachotoka hapo kwenda msituni. Kijia chenye josho chini na malisho juu ni kijia cha kuaminika. Maji hayatakuwa mbali, maana mfugaji hapeleki ng'ombe pasipo na maji. Jabali la kukushinda halitakuwepo, maana ndama lingemshinda pia. Na hutakaa muda mrefu kabla ya kukutana na mtu wa kumuuliza. Ule mstari mwekundu uliopakiwa na mkimbiaji fulani aliyepita mara moja wakati wa kiangazi hauna habari kwamba pale ulipopita sasa pana viazi vya mtu.

Naishi Nakuru, kwa hiyo mlima wangu wa nyumbani ni Menengai. Wageni hupanda kwa gari hadi ukingoni, kwenye mita 2,278, wakapiga picha mbele ya kibao kinachoonyesha umbali wa miji ya dunia, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakarudi kula samaki mjini. Sawa, lakini ukipanda kwa miguu kutoka upande wa Milimani asubuhi na mapema, unauona mlima mwingine. Utapishana na akina mama wenye mizigo ya kuni vichwani. Utapishana na watu waliojifunga mablanketi, kila mmoja na kidumu chake cha maji, wanaoteremka kwenye mapango kufunga na kuomba. Usiwapige picha. Salimia, pita. Chini yao ni kaldera ya takriban kilomita za mraba 90, ukoko wa lava nyeusi uliojaa vichaka, na mvuke unaofuka. Mvuke huo una visa viwili. Wazee husimulia vita vya Wamaasai vya karne ya 19, jinsi wapiganaji wa Ilaikipiak walivyosukumwa na Ilpurko wakatumbukia humo, na kwamba moshi ule ni roho zao zinazotafuta njia ya kutoka. Wahandisi wa Kampuni ya Maendeleo ya Jotoardhi nao wamechimba visima humo wautumie mvuke huohuo kuzalisha umeme. Niliwahi kumuuliza muuza mahindi pale juu yeye anaamini kipi. Alinijibu, "Stima bado ni ghali, kwa hiyo labda bado ni roho."

Longonot, ambao pia ni wa Kaunti ya Nakuru, nitaumaliza haraka. Ni mlima mzuri, mita 2,776, na kuuzunguka mdomo wa kreta ni kilomita 7.2 za kupanda na kushuka kwenye vumbi linaloingia hadi kwenye soksi. Mabasi ya shule huujaza Jumamosi. Twiga na punda milia wapo. Lakini ni hifadhi ya taifa tangu 1983, na ndani yake haishi mtu. Utatembea kutwa bila kuwasikia wengine isipokuwa watalii wenzako wakiulizana imebaki kilomita ngapi. Naupenda kwa mazoezi ya miguu. Anayetaka utamaduni namwambia asimame Maai Mahiu anywe chai, atapata mwingi zaidi.

Sasa Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama, maana mlima ni mmoja, na njia unayochagua ndiyo inayokupa safari tofauti kabisa.

Elgon ni volkano kongwe iliyozimika, yenye umri mkubwa kuliko Kilimanjaro, pana kiasi kwamba ukiwa Kimilili au Kitale huwezi kusema unaanzia wapi. Msingi wake una kipenyo cha takriban kilomita 80. Kilele kirefu kuliko vyote, Wagagai wa mita 4,321, kiko Uganda. Upande wetu wengi huenda Koitoboss, mita 4,222. Katikati pana kaldera ya kilomita nane hivi, na mahali ukingo ulipobomoka Mto Suam unatokea, pamoja na chemchemi za maji moto ambazo mtu aliyelala kwenye baridi ya mita 3,500 huzikumbuka maisha yake yote.

Njia ya kwanza ni ya lango la Chorlim, kupitia Kitale na Endebess. Hii ndiyo inayouzwa na kampuni za safari. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon ilianzishwa 1968, ina kilomita za mraba 169, na msitu wake wa podo na Elgon teak ni wa kukunyamazisha. Gari lenye nguvu linaweza kukufikisha juu ya mianzi, na kutoka mwisho wa barabara kilele ni mwendo wa saa chache tu. Ukiwa na siku mbili na gari la rafiki, pitia huku, sitakulaumu.

Utamaduni wa njia hii uko mapangoni, ila sharti usimuliwe, kwa sababu waliouishi hawapo tena humo. Makingeny, Chepnyalil, Ngwarisha, na lile maarufu, Kitum, linaloingia ndani ya mlima takriban mita 200. Mwaka 1883 mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson alipofika alishangaa kukuta watu na mifugo wanaishi mapangoni. Baadaye serikali ya kikoloni ikawatoa. Ndovu wenyewe hawakuhama. Bado huingia Kitum usiku, gizani, wakipapasa kwa mkonga, kuchimba mwamba wenye chumvi kwa meno yao na kuutafuna. Simama mdomoni mwa pango umulike tochi ubavuni: ukuta wote una michirizo, mirefu na mifupi, kama ugali uliochotwa kwa vidole. Mingine iko juu ya kichwa cha mtu mzima, mingine inafika magotini, ya ndama waliokuja na mama zao. Kijana aliyenipeleka aligusa mfereji mmoja kwa kidole, akakilamba, akasema bado una chumvi. Mimi sikulamba. Mwaka 1980, na tena 1987, mtu aliyekuwa ametembelea pango hilo aliugua virusi vya Marburg akafa, na popo wa matunda wanaolala humo ndio wanaojulikana kuvibeba. Mlango wa pango unatosha kwa kuona michirizo. Kule ndani kwenye kinyesi cha popo hapana cha kukupeleka.

Njia ya pili naipenda zaidi, na haina lango la kuvutia. Inaanzia Kimilili, inapanda Kapsakwony na Kaberwa, kisha Chepkitale. Hapa mlima unaupanda pamoja na chakula cha nchi. Chini, upande wa Bungoma, ni miwa. Kimilili ni mahindi, maharagwe na kahawa. Juu ya Kapsakwony vitunguu, kabichi na viazi, na udongo mwekundu unaoshika kiatu usikiachie. Lugha nayo inabadilika njiani: umeondoka sokoni watu wakizungumza Kibukusu, unafika josho la pili wanazungumza Kisabaot, na Kiswahili kinawapatanisha wote pamoja na wewe. Halafu msitu, halafu mianzi inayogongana kwa upepo, na ghafla uwanda wa nyasi wenye lobelia na senesio zilizozidi kimo cha mtu. Unajiandaa kuandika kwamba umefika mahali pasipo na watu, mara unaona moshi unatoka kwenye paa.

Ni Waogiek wa Chepkitale. Wanafuga na kurina asali juu ya mita 3,000, baridi ya kugandisha maji ndooni. Mwaka 2000 nchi yao ilitangazwa hifadhi, wakatakiwa waondoke, wakarudi, nyumba zikachomwa, wakarudi tena, na kesi wakaipeleka mahakamani. Kwa hiyo usishangae ukiulizwa umetumwa na nani. Vivyo hivyo chini huko kwa Wasabaot: kati ya 2006 na 2008 mgogoro wa ardhi wa Chebyuk uligeuka vita, kundi lenye silaha upande mmoja na baadaye jeshi upande mwingine, na familia nyingi zinakumbuka nani hakurudi. Mgeni anayejitokeza msituni na kamera na kifaa cha kupima mahali alipo bila kujitambulisha kwa yeyote ana maana nyingine kabisa machoni pa mzee aliyeyapitia hayo.

Ndiyo maana hapa siendi bila kijana wa huko, na kazi yake ya kwanza si kunionyesha njia. Tulipofika boma la kwanza aliniambia nikae kwenye jiwe, akaenda peke yake. Nilimwona amesimama mbali na mlango, mikono nyuma, akiongea na mzee bila haraka: habari za mvua, habari za ng'ombe aliyevunjika mguu, habari za binti aliyeolewa Kaptama. Muda ulipita. Kisha akanipungia mkono. "Mzee, huyu ni mgeni wetu, ametoka Nakuru." Mzee akanitazama viatu, si uso. "Nakuru mnavaa viatu vya kitambaa?" akauliza. Yeye alikuwa na gamboti, kijana alikuwa na gamboti, na kwa matope ya Chepkitale mimi ndiye niliyekuwa na vifaa vya mjini.

Tulipewa maziwa ya kibuyu. Kabla ya kukamuliwa ndani yake, kibuyu husuguliwa kwa kaa la mti maalumu hadi ukuta wa ndani uwe mweusi, kwa hiyo maziwa hutoka ya kijivu, yenye vidoa vyeusi na harufu ya moshi. Humwagwa polepole, kikombe hakijazwi hadi juu, na mwenye nyumba hukusubiri umeze funda la kwanza ndipo aongee. Mizinga ya magogo ilikuwa imetundikwa kwenye miti ukingoni mwa msitu. Nilitaka kusogea niitazame. Kijana akanishika mkono: kila mzinga una mwenyewe, na mwenyewe anajua leo nani amepita chini yake. Tuliitazama kutoka mbali. Asali tulinunua baadaye, kwa mwenye mzinga.

Mnaouliza mwezi gani ni mzuri, jibu langu huwaudhi. Kwa miguu na kwa mandhari, Desemba hadi Februari: anga safi, njia kavu, asubuhi unaona hadi milima ya Cherangani. Lakini kwa anayetaka kuona Wabukusu katika jambo lao kubwa, ni Agosti ya mwaka wa shufwa, 2024, 2026, na kuendelea, wakati wa tohara. Na Agosti huku ni mvua. Mlima utajificha kwenye mawingu siku nzima, mianzi itakumwagia maji shingoni, na kilele huenda usikione kabisa. Barabarani lakini utawakuta wavulana wakikimbia boma hadi boma kuwaalika jamaa, kengele za chuma ziitwazo chinyimba zikilia mikononi mwao, nyuma yao msafara wa shangazi na binamu wakiimba. Mjomba, kaka ya mama, ana nafasi yake isiyojazwa na mtu mwingine: humvisha mvulana kipande cha nyama shingoni baada ya kumsema maneno makali mbele ya watu. Alfajiri ya siku yenyewe mvulana hupakwa tope mtoni na kurudi nyumbani kusimama bila kupepesa jicho.

Huko mtoni si mahali pako. Msafara ukipita, toka barabarani, zima simu. Ukialikwa nyumbani, nenda, kula, toa chochote kwa mvulana, na mpishe mwenye haki ya kusimama mbele. Nimeona watu wakisukumana na kamera kati ya mama na mwanawe. Nilitamani nijifanye simfahamu hata mmoja wao, na kwa bahati nzuri sikuwafahamu kweli.

Kwa upande wangu, mwaliko wa namna hiyo ni bora kuliko ngoma ya kukodishwa inayowasubiri watalii getini. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Sababu si kwamba wachezaji wa hotelini wamekwisha. Ni kwamba shughuli zake za kweli, harusi na mazishi, zinapungukiwa na wapigaji. Ukipanda kilima cha Lirhanda kwenye msitu wa Kakamega kuona jua likichomoza, panga uteremkie vijiji vya Shinyalu. Ukibahatika kuwepo asubuhi ya mapigano ya fahali, utaisikia isukuti ikifanya kazi yake.

Watu wa Kisumu huniambia wao hawana milima. Wana Kit Mikayi, kilomita kama 30 kutoka mjini kwa barabara ya Bondo, mawe makubwa yaliyopandana. Inasimuliwa kuwa mzee mmoja alikuwa akishinda hapo kutwa, na mkewe akiulizwa mume yuko wapi anajibu ameenda kwa mke wake wa kwanza. Waumini wa Legio Maria hupanda humo kusali na kukesha. Wana Got Ramogi huko Siaya, msitu wa dawa ambapo Wajaluo husimulia kuwa mababu zao waliweka makao walipofika Kenya. Wana pia ukingo wa Nandi nyuma ya mji, mahali unapoweza kutembea kutwa ziwa likiwa chini yako. Juu yake ni nchi ya Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliyeuawa na Mwingereza Oktoba 1905 kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Mwinuko ni mdogo, ndiyo. Visa havihitaji oksijeni.

Cherangani naiweka kwa wenye uvumilivu. Si volkano, ni miamba ya kale iliyoinuliwa, ina vilele zaidi ya mita 3,300, na ajabu yake haiko juu. Iko ukingoni ambapo Wamarakwet walichonga mifereji ya kuteremsha maji ya mito kama Embobut na Arror hadi mashamba ya Bonde la Kerio. Mfereji unapita ubavuni mwa genge, mahali pengine ukishikiliwa kwa magogo, mawe na majani tu, na kila ukoo una zamu yake ya maji na siku yake ya kukarabati. Ukiufuata mfereji mmoja kutoka msituni hadi mtama wa bondeni umetembea njia bora kuliko ya kilele chochote. Kuna miiko: kwa mapokeo, kazi ya mfereji ni ya wanaume, na wanawake hawakaribii mahali maji yanapochotwa mtoni. Nikiwa na wenzangu wa kike huwa naliuliza hilo mapema kwa wenyeji badala ya kubishana hapo hapo ukingoni. Bonde la Kerio pia lina historia ya wizi wa mifugo, kwa hiyo kabla ya kwenda napiga simu kwa mtu wa huko, si kwa mtu wa Nairobi aliyesoma gazeti.

Mvua nayo uiulize kwa wenyeji. Mwezi Novemba 2019 maporomoko ya udongo yaliua makumi ya watu Nyarkulian, Parua na Tamkal, upande wa Pokot Magharibi. Miezi miwili kabla, mafuriko ya ghafla yaliwabeba watalii kwenye korongo la Hell's Gate, huku kwetu Naivasha. Korongo huleta maji ya mvua iliyonyesha mahali ambapo wewe huoni. Mchunga ng'ombe aliye juu mlimani anajua.

Ya mfukoni ni machache. Hifadhi za Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) hazipokei pesa taslimu, lipa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, kabla hujafika mahali mtandao unapokatika. Kiongozi wa njia mlipe kwa siku, mkubaliane chini, mbele ya mtu wa tatu. Boda ya kukupandisha Kaberwa ni rahisi kuliko ya kukuteremsha, kwa sababu wanajua huna namna nyingine. Sukari, majani ya chai na chumvi ni zawadi za maana kwa boma lililo mbali na duka. Peremende ni za kuharibia watoto meno.

Kuna kikundi cha marafiki kinachotaka niwapeleke Elgon. Niliwaandikia machaguo mawili: Januari kupitia Chorlim, vilele na picha, au Agosti ya mwaka wa shufwa kupitia Kimilili, matope, chinyimba, na kilele ukijaliwa. Wamebishana wiki nzima na kuchagua Januari. Wawili kati yao wamenitumia ujumbe pembeni, bila wengine kujua, wakiuliza gamboti nambari nane zinapatikana Kimilili au wanunue huku Nakuru.